Saa janja yangu imesoma mapigo ya moyo ya mhogo (na ukurasa wangu wa KB 9)

#1 Mkwaju_Kavu (Kigamboni)

Wakuu, salaam.

Mimi si mtaalamu. Nauza vipuri vya bodaboda, na haya mambo ya vifaa na tovuti nayafanya usiku watoto wakishalala. Kwa hiyo nikilalamika humu, jueni ni hela yangu iliyokwenda ndiyo inayoongea.

Nianze na saa. Mwezi uliopita nilipita Kariakoo, Mtaa wa Aggrey, nikanunua saa janja ya bei ya chee. Boksi linasema inapima mapigo, presha, oksijeni, usingizi, mpaka msongo wa mawazo. Nafika nyumbani namkuta mke wangu anamenya mihogo. Nikachukua mhogo mmoja mnene, nikaifunga saa katikati kama mkono wa mtu. Ikawasha taa zake za kijani, ikawaza sekunde kama 20, ikatoa majibu: mapigo 74, oksijeni asilimia 98, presha 118 kwa 76. Mhogo una afya kunishinda mimi.

Tulicheka sana. Kicheko kilikata nilipokumbuka kwamba shangazi yangu anayo saa ya aina hiyohiyo, kaletewa zawadi, na siku saa ikimwambia presha iko sawa anaruka vidonge. Wakuu, ile taa ya kijani ina kazi ya kweli: damu hufyonza mwanga wa kijani, kwa hiyo kila moyo ukipiga, mwanga unaorudi kwenye kihisi unabadilika kidogo, na saa inahesabu. Mapigo yanapatikana hivyo hata kwa saa rahisi ukiibana vizuri mkononi. Presha ni hadithi nyingine. Saa ya bei hii, bila mkanda wa kubana mkono, inabahatisha tu, na ikikosa cha kubahatisha inakupa namba nzuri usije ukairudisha dukani. Shangazi nimemnunulia kipimo cha mkanda. Saa anaivaa kwenye harusi.

Sasa kifaa kilichonifurahisha kuliko vyote mwaka huu ni ESP32, kikompyuta cha ukubwa wa biskuti, kibao kitupu cha saketi. Kina Wi-Fi na RAM ya KB 520. Nimesema KB, sio MB. Nimekiunganisha na kioo cha wino wa kielektroniki, kile ambacho picha ikishachorwa inabaki hata ukichomoa betri. Kinaamka mara moja kwa siku, saa 10 alfajiri, kinavuta jedwali la maji ya bahari kwa Wi-Fi ya duka la barafu la jirani (kwa ruhusa, msianze!), kinachora, kinalala. Mwanzoni betri ilikuwa inaisha kwa siku chache nikashangaa, kumbe kuna kitaa chekundu kwenye kibao kinawaka usiku na mchana. Nikaking'oa. Betri niliichaji kabla ya Ramadhani na mpaka leo inadunda. Kimetundikwa kwenye banda la mjomba ufukweni, wavuvi wanakiangalia kama wanavyoangalia kalenda.

Jedwali lenyewe liko kwenye tovuti yangu, na huku ndiko nilikotaka kufika. Ni ukurasa mmoja: leo maji yanajaa saa ngapi, yanapwa saa ngapi, kesho je, bamvua (yale maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu) lini. Uzito wake wote ni KB 9. Hauna picha, hauna JavaScript (programu za ndani ya ukurasa), hauna fonti ya kuazima, hauna kile kiboksi cha kukusihi ukubali vidakuzi, maana vidakuzi vyenyewe hauna. Naupimia kwenye simu ya zamani ya mama, RAM ya GB 1, kioo kimepasuka kona. Ukifunguka pale umepita.

Na KB 9 sikuitoa hewani. Seva ikianza kuzungumza na simu yako huwa haimwagi kila kitu. Inatuma kwanza pakiti kama 10, kila moja baiti 1,460 hivi, halafu inatulia kungoja simu ijibu kwamba zimefika. Jumla hapo ni kama KB 14. Ukurasa ulio chini ya hapo unafika kwa mkupuo mmoja. Ulio juu ya hapo unaanza safari za kwenda na kurudi, na kwa mtandao wa kuvutia kwenye mnazi kila safari unaihisi.

Kurasa nyingi siku hizi zinavuka MB 2. Mchezo wa DOOM wa mwaka 1993 ulisambazwa kwenye faili la MB 2.4 hivi, na ndani yake mna mashetani, bunduki, milango ya siri na muziki. Wewe umefungua MB 2.5 kusoma kwamba duka linafunguliwa Jumatatu hadi Ijumaa. Kwa MB hizo ukurasa wangu ungeufungua mara 270 na chenji inabaki.

Msimamo wangu ni huo, kwa saa na kwa tovuti: fanya kitu kimoja, kifanye hata kwenye simu ya mama. Povu ruksa.

#2 FundiRedio

Nimekaa siti ya mbele na mhogo wangu wa kuchoma. Huu naona mapigo yake yameshasimama.

Kuhusu Kariakoo, naongezea moja. Tangu TCRA, mamlaka ya mawasiliano, walipozima simu feki tarehe 16 Juni 2016, mimi sinunui simu bila kubonyeza *#06# mbele ya muuzaji, nione namba yake ya utambulisho (IMEI). Akianza kunung'unika narudisha simu mezani naondoka.

#3 kokoto_ya_Luthuli (Nairobi)

Mkwaju, hiyo ya mhogo imenimaliza. Hapa Luthuli Avenue pia ziko, rangi zote. Lakini swali langu ni pawabanki. Nimeuziwa moja imeandikwa mAh 50,000, inachaji simu yangu mara moja na nusu halafu inazima. Simu ni mAh 5,000. Nimekosea wapi hesabu?

#4 Mkwaju_Kavu

Hesabu yako haina kosa, boss wangu. Umeuziwa stika.

Ifungue kama huiogopi (usitoboe seli, zinawaka moto). Ya kwangu niliikuta na seli 4 za 18650. Seli bora kabisa ya saizi hiyo ni kama mAh 3,500, kwa hiyo zote zikiwa nzima huvuki 14,000. Nikazipima kwenye mizani ya jikoni. Seli nzuri ina gramu 45 mpaka 50. Mbili zilikuwa sawa, mbili zilikuwa na uzito wa ajabu, na nikizitikisa zinalia kama kayamba. Mchanga, mzee. Nimelipia mchanga, na naishi Kigamboni.

Halafu hata pawabanki ya kweli ina ujanja wake wa halali. Ile mAh 10,000 inahesabiwa kwa volti 3.7 za seli, wakati USB inatoka na volti 5. Zidisha 10,000 kwa 3.7 unapata 37,000, yaani nishati ya Wh 37. Hiyo 37,000 gawa kwa 5, imeshakuwa mAh 7,400, na bado joto halijachukua chake. Simu ya mAh 5,000 utaichaji mara moja na nusu. Kwa hiyo yako ni ya 10,000 iliyovaa koti la 50,000. Soma Wh. Kisichoandikwa Wh popote mrudishie mwenyewe.

Na zile flashi za TB 2 za bei ya chipsi kuku, mchezo ni huohuo: ndani mna GB chache na programu inayodanganya kompyuta. Unajaza picha za harusi, zinaingia zote, ukija kufungua za mwanzo hazifunguki kwa sababu za mwisho zimeandikwa juu yake. Kuna programu ya bure inaitwa f3, inaijaza flashi mpaka mwisho halafu inasoma tena. Pima siku ya kwanza, kabla ya harusi.

#5 BintiMvita (Mombasa)

Kaka Mkwaju, hongera, ila wewe huna mteja. Mimi naishi kwa kazi hii ya tovuti na nitakueleza ilivyo huku nje. Mteja hakulipi kwa KB 9. Mteja anataka aone pesa yake ikicheza kwenye kioo: picha zinateleza, maandishi yanaruka, video ya mawimbi inajicheza yenyewe. Ukimpa ukurasa mweupe wenye maandishi anakuuliza, "Sasa hapa umefanya nini?"

Kuna hoteli moja niliifanyia. Mwenyewe alishikilia video ya MB 18 ukurasa wa kwanza. Nikabishana mpaka nikachoka, nikaiweka. Siku ya kukabidhi nikampigia simu akiwa anaenda ng'ambo. Nikamwambia mzee wangu, ukiwa juu ya feri ya Likoni hebu fungua tovuti yako, unitumie namba ya simu ya mapokezi. Namba ilinifikia yeye yuko upande wa pili keshapanda matatu. Akanipigia tena kwa sauti ya chini: "Hiyo namba haiwezi kuja kwanza?"

Video ipo mpaka leo, sitakudanganya. Lakini iko chini, haianzi mpaka uibonyeze, na namba ya simu ni maandishi ya kawaida juu kabisa. Hiyo ndiyo kazi yangu, kuficha wepesi ndani ya urembo mteja asijue.

Na hizi tovuti za Kiswahili zina makosa yake ambayo hamuyataji. La kwanza, watu wananakili kiolezo cha Kiingereza na hawabadilishi lugha. Pale juu kabisa panatakiwa paandikwe lang="sw". Usipoandika, kivinjari kinamwambia mtu "tukutafsirie?" na asiyeona anayetumia kisomaji cha kioo anasomewa "pwani" na "ng'ambo" kwa mdomo wa Kiingereza. Herufi chache tu hizo. La pili, vitufe. Vimepimwa kwa neno la herufi 4, wewe unaingiza "Hifadhi mabadiliko". Kinapasuka. Maneno yetu marefu, viambishi vimepandana kama abiria wa matatu jioni, kwa hiyo usimpe kitufe upana wa kudumu, mwache anenepe.

#6 Ngwana_Igoma (Mwanza)

Dada BintiMvita umenigusa pabaya. Jina langu la ukoo linaanza na Ng', lile la ng'ombe. Kuna fomu ya mtandaoni nilijaza mwaka jana, sitaitaja ya nani, ikanijibu kwa wino mwekundu: "Jina lina alama zisizoruhusiwa." Nikaondoa ritifaa, hako ka-alama ka juu baada ya Ng, ikakubali. Wiki mbili baadaye nikaitwa dirishani: jina la kwenye fomu halifanani na la kwenye kitambulisho. Nikaulizwa kwa nini nimeandika jina langu vibaya. Mimi!

Kanda ya Ziwa nzima huku tuna Ng' kama nini. Hivi wanaotengeneza hizi fomu wametokea nchi gani?

#7 BintiMvita

Pole sana ndugu yangu. Na anayeikataza hiyo alama kwa kawaida ni mtu mwenye woga, wala si mwenye ubaya. Ritifaa ndiyo alama inayofunga maandishi ndani ya amri za SQL, lugha ya kuiamuru hifadhidata. Mtengenezaji mvivu akiunganisha jina lako moja kwa moja na amri, ritifaa yako inaikata amri katikati, na mhalifu anaweza kupitisha amri yake hapohapo. Akishasikia hivyo anaipiga marufuku. Dawa yenyewe ni kupeleka amri mbali na jina mbali, hifadhidata zote za leo zinaweza. Basi, Ng' wote wanapita.

Angalia na simu yako pia. Kibodi nyingine zinaandika ritifaa iliyonyooka, nyingine iliyopinda. Kwa jicho ni moja, kwa kompyuta ni herufi mbili tofauti, na jina "halifanani" tena.

#8 Turbo_GB

Mkuu Mkwaju, kwa heshima zote, huu ni ushamba uliopigwa pasi. Dunia iko 5G, watu wana akili mnemba (AI) mfukoni, wewe unatuhesabia KB kama mchawi anahesabu mifupa. Teknolojia ikienda mbele unatakiwa uifuate. Mtu akikwama anunue bando kubwa.

#9 kokoto_ya_Luthuli

Sisi tunaiita akili unde lakini sawa. Turbo, unakumbuka ile pini ya akili unde ya kubandika kifuani, ya kampuni ya Humane? Ilitoka Aprili 2024, dola 699 na dola 24 kila mwezi juu yake, eti simu imekwisha. Tarehe 28 Februari 2025 seva zikazimwa. Sasa ni bruchi.

#10 Mkwaju_Kavu

Turbo, ushamba naukubali, nimezaliwa Pangani. Lakini tukumbushane Mei 2024. Ile Jumapili tarehe 12 nyaya za intaneti za EASSy na Seacom zilipopata hitilafu chini ya bahari, 5G yako ilikuwa wapi? Minara ilisimama, mistari kwenye simu imejaa, na kurasa hazifunguki. Bando ulikuwa nalo.

Mimi siku hiyo nilikaa nikafungua tovuti moja moja kwenye simu ya mama, kwa udadisi tu. Nyingi zilikuwa nyeupe pe. Kumbe maandishi yameshafika, lakini ukurasa umeambiwa usionyeshe kitu mpaka faili la JavaScript lije kutoka seva nyingine huko mbali, na faili haliji. Nyingine maandishi yalikuwepo ila hayaonekani, yanasubiri fonti. Hebu fikiria, habari umefikishiwa mlangoni halafu inakataa kuingia mpaka viatu vyake vifike. Ukurasa wangu seva yake iko Ulaya, na KB 9 zikapenya. Zilichelewa, zikapenya.

Na kama unataka kuona teknolojia ambayo kila mtu Bongo anaitumia, piga *150*00#, menyu ya M-Pesa. Ujumbe mmoja wa USSD (hizo menyu za nyota na reli) hauzidi herufi 182. Ndani ya herufi hizo watu wamelipa ada, wamenunua umeme, wametuma mahari. Hakuna aliyewahi kulalamika kwamba haina video ya mawimbi.

Akili mnemba siikatai. Jedwali langu la mwezi huu nililipitisha huko ikanisaidia kupanga safu vizuri. Pia ilinipa siku moja yenye kujaa mara tatu, bahati nzuri mjomba aliliona kabla ya bahari kulikanusha.

#11 FundiRedio

Mkuu, hiyo seva kwa nini usiweke nyumbani? Vikompyuta vya Raspberry Pi si vipo?

#12 Mkwaju_Kavu

Nilianza hivyo. Raspberry Pi Zero 2 W, RAM MB 512, ilipotoka 2021 ilikuwa dola 15, na kwa ukurasa kama wangu ni zaidi ya kutosha. Umeme ukakatika mara tatu ndani ya wiki, kadi ya SD ikafa ikiwa katikati ya kuandika. Nikaweka kadi mpya, nayo ikaenda na mvua za masika. Pi sasa inapigia watoto katuni na haijawahi kuniletea kesi.

#13 Ngwana_Igoma

Swali la mtu wa ziwani asiyejua kupwa. Maji ya saa nne na dakika 12 asubuhi kwenye jedwali umeandika 4:12 au 10:12?

#14 Mkwaju_Kavu

Hapo umetia kidole kwenye donda. Mwanzoni niliandika 10:12 kama simu inavyoonyesha. Mjomba akasoma "saa kumi na dakika 12", akaja ufukweni jioni. Nikabadilisha: "saa 4:12 asubuhi". Kijana wake, huyu wa kidato cha pili, akasoma 4:12, akatega simu imwamshe 4:12, akaamka alfajiri giza totoro akakaa juu ya ngalawa peke yake.

Sasa hivi nimeweka zote mbili: "saa 4:12 asubuhi" kwa herufi kubwa, pembeni 10:12 ndogo ya kijivu. Imeniongezea baiti kadhaa na imenipunguzia ugomvi wa familia.

#15 Bi_Kizimkazi (Maskati)

Asalaam alaikum nyote. Mie si mtu wa kompyuta, uzi huu kaniletea mjukuu. Nimekuja kumwambia huyu kijana Mkwaju kwamba ukurasa wake naufungua kila siku huku Maskati, na samaki siwavui.

Dada yangu yuko Jambiani, analima mwani. Maji yakipwa bamvua yuko pwani huko kwenye vigingi na simu kaiacha nyumbani, nikipiga hapokei, nami roho inanipanda. Sasa kabla sijapiga natazama kwanza. Nikiona maji yanapwa saa nne, nampigia baada ya adhuhuri, keshaoga keshakula, tunazungumza kwa raha zetu.

Nina ombi moja, mwanangu. Umeweka kujaa juu na kupwa chini, na wenye vyombo wamefurahi. Wanawake wa mwani na wachokoa pweza wao wanataka kupwa. Kwa simu yangu mie kupwa nakuta baada ya kusukuma kioo, na kidole hiki kina baridi yabisi. Na hizo saa za Dar, Jambiani ni zilezile?

#16 Mkwaju_Kavu

Shikamoo bibi. Hilo sikuliwaza hata siku moja, na mama yangu mzazi ameokota chaza miaka yote Pangani.

Saa za Jambiani zinapishana na za Dar kwa dakika chache, kwa kumpigia dada hazina neno. Kwa nahodha anayepita kwenye mwamba, hapana, asitumie zangu.

Nimeshabadilisha. Kupwa kuko juu, kujaa kunafuata, na siku za bamvua mstari wake umekolezwa. Nimeufungua kwenye simu ya mama, kupwa ya kesho inaonekana bila kusukuma. Ukurasa sasa umefika KB 9 na nusu. Turbo, hiyo nusu naomba uniwie radhi.